Rekodi ipi ya "Majira Manne", na mbona moja iko chini nusu toni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza fidla. "Majira Manne" ya mtunzi Vivaldi nimeyasikia mpaka yamenikinai: ukipiga simu huduma kwa wateja ni hayo, ukiingia lifti ni hayo. Sasa nimepewa koncheto ya kwanza (kipande cha fidla moja inayoongoza pamoja na okestra), ile ya majira ya kuchipua, nikapakua rekodi ya Simon Standage na The English Concert ili nicheze nayo. Fidla yangu inakuwa juu nusu toni ingawa nimetyuni vizuri. Je, faili lina kasoro? Na wewe ungechagua rekodi ipi?

JIBU: Marahaba. Faili ni zima, na fidla yako pia. Standage na wenzake, wakiongozwa na Trevor Pinnock, wanapiga ala za mtindo wa kale na kutyuni nota ya A kwenye Hz 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde. Programu ya kutyuni ya simu yako inatumia 440. Tofauti hiyo ni nusu toni kamili, kwa hiyo E meja yao unaisikia kama E fleti. Usilegeze nyuzi kuwafuata. Tafuta programu inayopandisha sauti ya rekodi bila kubadili mwendo.

Wala usidhani kwamba 415 ndiyo Vivaldi halisi. Ni makubaliano ya wapigaji wa siku hizi. Venice ya wakati wake ilityuni juu zaidi, karibu na 440 yetu.

Kuhusu kuchagua, watu wengi hukimbilia dhoruba iliyo katika koncheto ya kiangazi. Dhoruba haikuambii kitu, maana kila mwenye vidole vyepesi anaiweza. Mimi huanzia sehemu ya pili ya koncheto yako hiyo hiyo. Koncheto hizi zilichapishwa Amsterdam mwaka 1725 pamoja na mashairi yanayoeleza kinachotokea, na hapo mchungaji amelala, mbwa wake yuko kando. Fidla ya solo ndiyo mchungaji, fidla nyingine ni majani yanayonong'ona, na viola, ile ndugu ya fidla yenye sauti nzito zaidi, ni mbwa anayebweka. Besi hazimo kabisa. Vivaldi ameandika kwamba viola ipigwe kwa nguvu sana, kwa kukwaruza, muda wote, huku fidla zikiwa chini kabisa. Lakini sikiliza rekodi nyingi za zamani: viola inabweka kwa adabu, kama vile mbwa anaogopa kumwamsha bwana wake! Kiongozi aliyeona maandishi hayo akayapuuza, mimi namwacha hapo hapo.

Akifaulu, nakwenda sehemu ya pili ya koncheto ya baridi. Mtu anaota moto ndani, nje mvua inanyesha, na fidla zinadonoa nyuzi kuwa mvua hiyo. Mpiga fidla Felix Ayo na kundi la I Musici, mwaka 1959, wanaikokota kwa utamu mwingi mno. Solo ni nzuri, ila mvua imekuwa bomba linalovuja. Nigel Kennedy, 1989, aliuza nakala zaidi ya milioni mbili, na ujasiri wake naupenda, ingawa mara nyingi namsikia yeye kuliko Vivaldi.

Rekodi ninayorudia mwenyewe ni ya kundi la Il Giardino Armonico ya mwaka 1993, Enrico Onofri akipiga solo chini ya Giovanni Antonini. Mbwa anabweka kweli, mvua inanyesha kweli. Kuna mahali wanazidisha ukali, na kwa mtu aliyechoshwa na lifti huo ukali ndio dawa.

Kwa mazoezi, hata hivyo, usiwaige. Wanatumia nyuzi za utumbo na upinde mwepesi wa kale. Ukikwaruza vile kwa upinde wako wa kisasa utapata kelele tupu. Chukua rekodi ya Alan Loveday na okestra ya Academy of St Martin in the Fields chini ya Neville Marriner, 1969. Ala zao ni za kisasa kama yako, na mwendo wao ni mwepesi. Cheza naye sehemu ya pili kwanza, na umwombe mwenzako mwenye viola abweke bila haya.