Kabla hujameza Piriton

Ukiingia duka la dawa ukasema unawashwa, una mafua au umeumwa na nyuki, aghalabu utatoka na Piriton. Mara nyingi unafungiwa vidonge kwenye kikaratasi kilichoandikwa "1x3" na hakuna maelezo mengine. Wengi tuliizoea enzi za klorokwini, dawa ya malaria iliyowawasha watu mwili mzima hata ikabidi wapewe pamoja na Piriton. Tanzania Bara iliiweka kando klorokwini mwaka 2001, lakini mazoea ya kumeza Piriton bila kuuliza yamebaki.

Jina linaloandikwa kwenye pakiti ni chlorpheniramine, na kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 4. Kazi yake ni kuizuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, chafya na macho kutoa machozi. Histamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia ubongo kubaki macho, na dawa hii hupenya hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana inaleta usingizi.

Mtu mzima, au mtoto kuanzia miaka 12, humeza kidonge kimoja kila baada ya saa 4 hadi 6, tena pale tu anapokihitaji. Kikomo ni vidonge 6 kwa saa 24, yaani miligramu 24. Mzee asizidishe vidonge 3. Muwasho ukikataa kupungua, usiongeze dozi kupita hapo. Rudi ukachunguzwe, kwa sababu upele wa kuambukiza na fangasi huendelea kuenea wakati Piriton inakupoza tu. Vivyo hivyo mafua: dawa hukausha kamasi na kupunguza chafya, haiui virusi.

Jambo linalowaponza watu wengi ni muda. Dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko usingizi unaousikia. Kwa mtu mzima, karibu nusu yake inaweza kuwa bado ipo saa 20 baadaye. Ukimeza saa 6 usiku na kuwasha bodaboda saa 11 alfajiri, unaweza kujiona mzima kabisa huku breki ukizikamata kwa kuchelewa. Hali ni hiyo kwa dereva wa lori, fundi wa msumeno, fundi rangi aliye juu ya ngazi na mama anayekaanga kwa mafuta mengi. Kama ni lazima uitumie, anza dozi ya kwanza siku ambayo hutaendesha kesho yake, umeze mapema, kama saa 1 au 2 usiku, kisha uangalie mwili wako unavyoipokea. Kahawa itakufumbua macho, lakini usiitegemee ikurudishie wepesi wa akili.

Pombe usiichanganye nayo kabisa, hata bia moja. Vilevile tramadol (dawa ya maumivu), dawa za kikohozi zenye kodeini, diazepam (Valium), amitriptyline (dawa ya sonona) na dawa nyingine zinazoleta usingizi. Kila moja huongeza nguvu ya nyingine, na zikizidi hata kupumua kunapungua.

Halafu kuna dozi iliyojificha. Vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa kwa majina ya kibiashara vina chlorpheniramine ndani yake, pamoja na paracetamol. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina hiyo au diphenhydramine, ambayo nayo ni ya jamii hiyohiyo. Mtu anameza kidonge cha mafua, Piriton na dawa ya kikohozi, akidhani ni dawa tatu tofauti, kumbe amerudia dawa ya usingizi mara tatu. Akiongeza na Panadol, paracetamol pia inazidi, na hiyo huharibu ini. Soma orodha ya viambato nyuma ya pakiti. Kama umepewa vidonge bila pakiti, muulize muuzaji akuandikie jina na nguvu ya dawa. Ni haki yako.

Kwa watoto inatakiwa tahadhari kubwa zaidi. Dawa ya maji huwa na miligramu 2 katika mililita 5. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hupewa hizo mililita 5, asizidishe mara 6 kwa siku. Aliye chini ya miaka 6 asipewe bila mtaalamu kumwona. Vijiko vya nyumbani hutofautiana sana, kwa hiyo pima kwa kikombe kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano. Promethazine, inayojulikana zaidi kama Phenergan, asipewe kabisa mtoto chini ya miaka 2, kwani imewahi kuzuia pumzi na kuua watoto. Na tafadhali, dawa hizi zisitumike kumlaza mtoto ili watu wazima wapumzike. Watoto wengine huchachamaa badala ya kulala, na mzazi akiongeza dozi ndipo degedege linapokuja.

Mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuzibwa mkojo kabisa. Mwenye presha ya macho au kifafa amwone daktari kwanza. Mzee anaweza kuchanganyikiwa usiku, akaamka kwenda chooni na kuanguka. Mama anayenyonyesha aulize kwanza, maana mtoto naye anaweza kusinzia na maziwa kupungua.

Kwa mzio wa kila siku, wa vumbi au chavua, ni bora uombe cetirizine au loratadine, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku. Usingizi wake ni mdogo sana, ingawa cetirizine huwalaza baadhi ya watu. Wanaotumia Piriton kama dawa ya kukosa usingizi huikuta imeacha kuwalaza baada ya siku chache, na hapo ndipo wanapoanza kuongeza vidonge.

Mtu akivimba midomo au ulimi, akikoroma kwa kukosa hewa au akizimia baada ya kuumwa na nyuki au kula kitu, usikae kusubiri Piriton ifanye kazi. Anahitaji sindano ya adrenalini, hivyo mkimbize hospitali mara moja. Aliyemeza vidonge vingi, hasa mtoto, naye apelekwe hata kama bado anacheza, na pakiti iliyobaki iende naye.