Maswali ya Wasomaji: Fedha za KFC Huenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa viazi mviringo hapa Kabale. Mwanangu anayesoma Kampala huniambia kwamba mikahawa ya KFC, ile ya kuku wa kukaanga, hujaa watu kila jioni. Je, fedha hizo zote huenda Marekani? Na je, sisi wakulima tunaweza kuwauzia viazi vyetu?
Msomaji, Kabale

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zinazokwenda Marekani ni sehemu tu, na utaratibu huo ulianza na mwasisi mwenyewe. Tangu mwaka 1930, Harland Sanders alikuwa akiwapikia wasafiri kwenye kituo cha mafuta mjini Corbin, jimbo la Kentucky. Kukaanga kuku kwa chombo cha kawaida kulichukua kama nusu saa, muda ambao msafiri hana, hivyo mwaka 1939 akaanza kutumia sufuria ya presha, ambayo iliivisha nyama kwa dakika chache tu bila kuikausha. Mwaka 1952 alimruhusu Pete Harman, mwenye mkahawa mjini Salt Lake City, apike kwa njia hiyo na kumlipa senti 4 kwa kila kuku. Baadaye barabara kuu mpya ilijengwa mbali na mkahawa wa Sanders, wateja wakapungua, akauuza kwa hasara, na katika umri wa miaka ya sitini akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Hapo ndipo alipoanza kuzunguka na sufuria zake na viungo vyake, akiwaomba wenye mikahawa wakubali mapatano kama yale ya Harman. Alipoiuza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni 2, mikahawa ilikuwa imepita 600.

Leo jina la KFC ni mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Yum! Brands, lakini karibu mikahawa yote ni ya wafanyabiashara wengine waliolipia haki ya kulitumia, na ndivyo lilivyoingia Uganda mwaka 2013. Malipo ya mwenye jina hukatwa kwenye mauzo, wala si kwenye faida, kwa hiyo yeye hupata chake hata katika mwezi ambao mwenye mkahawa amepata hasara. Kodi ya pango, mishahara, umeme na kuku ni mzigo wa mwenye mkahawa.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Mnamo Januari 2022, KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu meli zilizobeba viazi kutoka nje zilichelewa, ilhali wakulima wa huko walikuwa na viazi tele. Kampuni ilieleza kwamba kila muuzaji lazima apite ukaguzi wake wa ubora, na wananchi walipokasirika, ikaahidi kutafuta viazi vya nyumbani. Mikahawa ya aina hii hupokea chipsi zilizokwisha kukatwa kwa kipimo kimoja, kukaangwa kidogo na kugandishwa, na viazi vyenye sukari nyingi havifai kwa sababu huwa vyeusi kwenye mafuta. Kwa maoni yetu, kinachowazuia wakulima wa Kabale ni ukosefu wa kiwanda na ghala baridi kuliko ukosefu wa zao, na mkulima mmoja hawezi kuvijenga. Zungumzeni kwanza katika chama chenu cha ushirika, kisha mwende kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano mkaulize ni mbegu ipi inayofaa kwa chipsi.