Re: Mwenzangu wa mazoezi amefariki, na miguu imekataa

Pole sana kwa msiba, ndugu. Nimekuelewa hivi: wiki tatu tangu mazishi, unakimbia kila siku hapo Iten, Kenya, kilomita uliyoipiga kwa dakika 3:30 sasa ni 3:50, na unauliza kama uongeze mazoezi. Usiongeze.

Anza na mapigo ya moyo. Yahesabu kwa dakika nzima asubuhi, kabla hujatoka kitandani. Yakizidi ya kawaida yako kwa 7 au zaidi siku mbili mfululizo, tempo (mbio ndefu za kasi isiyobadilika) na vilima viache. Huzuni hula usingizi na hamu ya chakula, na kwenye mwinuko wa mita 2,400 deni hilo mwili haulisamehe. Kimbia dakika 40 tu, polepole kiasi cha kuweza kuongea. Saa iache nyumbani, maana ndiyo inayokudanganya ushindane na mwezi uliopita.

Lakini usiubebeshe msiba kila kitu. Pima damu: wekundu wa damu, akiba ya madini ya chuma, na malaria kama mazishi yalikupeleka bondeni.

Pale wewe na marehemu mlipokuwa mkikutana saa kumi na mbili, pakwepe kwa sasa, pitia njia nyingine. Kilio kikikubana kifuani katikati ya mbio, tembea. Kukaza mwendo huku unalia hukata pumzi na kuvuruga hatua.

Mapigo yakitulia wiki nzima, rudi kwenye fatleki (mbio za kubadilisha kasi) ya Alhamisi, dakika moja kasi, dakika moja polepole, ukikaa nyuma ya kundi. Kama hata kulala ni shida bado, muone mshauri nasaha kabla ya kocha.