Meli ikikaa siku moja tu bandarini

Unayesafiri kwa meli ya kitalii na kuuliza kama ulipie matembezi yanayoandaliwa na meli au ushuke ujizungushe mwenyewe: inategemea bandari. Kotor, kule Montenegro, usimlipe mtu. Gati liko karibu kabisa na kuta za mji mkongwe, unavuka barabara tu umeshaingia. Ngazi za ngome zipande asubuhi, kabla jua halijawa kali. Valletta, kule Malta, nayo ni ya miguu, na kuna lifti ya kukupandisha kutoka chini hadi bustani ya Upper Barrakka.

Civitavecchia, bandari ya Italia, ndiyo inayowachanganya watu. Ratiba inasema "Roma", kumbe Roma yenyewe iko kilomita 70 hivi kutoka hapo. Hesabu kama saa nzima ya treni kwenda, na kurudi vilevile. Chagua kimoja, Colosseum au Vatikani, si vyote.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, wahi boti za mwanzo za kukutoa melini hadi nchi kavu ili urudi mapema, maana foleni ya kebo (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) ya kushuka jioni kutoka mjini juu haina huruma. (Ngazi zipo, ila punda wanapita humohumo, na mavi yao.) Halafu vaa saa ya mkononi yenye saa za meli. Simu hujibadilisha yenyewe kufuata saa za nchi uliyopo, na meli haikungoji.