Kutu ya juu isikutishe, angalia chini

Ndugu, umesema gari unalotaka kununua ni la zamani, limeliwa na kutu, ila injini inawaka na bei ni ndogo. Injini isikushawishi. Injini hushushwa, ikafunguliwa na kutengenezwa. Bodi iliyooza ndiyo inayomaliza pesa.

Lala chini ya gari ukague chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), sakafu, mahali springi zinaposhikiliwa na pale pa kuwekea jeki. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye bodi. Isiponata, huenda kuna puti nene, ile lipu ya kuzibia mashimo, chini ya rangi (au bodi ni ya alumini, kama Land Rover za zamani, ambazo chesisi yake ni ya chuma na huoza). Inua na kapeti. Mimi rangi mpya kwenye gari kuukuu hunitia wasiwasi kuliko kutu ninayoiona.

Ulizia spea kabla hujalipa. Kwa mfano, Volkswagen Beetle ziliundwa hadi 2003, zaidi ya milioni 21, na sakafu mpya za kubadilishia bado zinatengenezwa. Modeli adimu itakutesa kwa vitu vidogo: taa, vioo, raba za milango.

Namba ya chesisi isipolingana na hati, achana nalo hata kama umelipenda. Vyote vikiwa sawa, lichukue, na uanze na breki kabla ya kuliingiza barabarani.