Mamako asiogope kubadilishwa goti

Dadangu, umeuliza kama mamako wa miaka 68 akubali kubadilishwa goti au aendelee kumeza dawa za maumivu. Kama kupanda na kushuka feri ya Likoni kwamtesa, usiku halali, na mazoezi, dawa na kupunguza uzito havijamfaa, mimi ningemwambia akubali.

Hawaling'oi goti zima kama watu wanavyotishana mitaani. Daktari hukata tabaka jembamba la mfupa pale gegedu (ile tishu laini inayozuia mifupa isisagane) lilipolika, akaweka chuma juu na chini, na plastiki ngumu katikati. Wengi husimamishwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, kwa fremu ya kutembelea. Magoti bandia mengi hudumu zaidi ya miaka 15, na yale maumivu ya kusaga mifupa hupungua sana.

Kazi yenyewe ni fizio, yaani mazoezi ya tiba baada ya upasuaji. Akiacha mazoezi, goti hukakamaa. Na jambo hili mwambieni mapema, maana mama zetu huvunjika moyo wakilijua baadaye: wengi hawawezi tena kusujudu au kuchuchumaa kama zamani. Aandaliwe kiti cha kuswalia na choo cha kukaa.

Hatari zipo, hasa vijidudu kuingia kwenye goti na damu kuganda mguuni. Kama ana kisukari, kidhibitiwe kwanza. Daktari wa mifupa mwulizeni hufanya magoti mangapi kwa mwaka, na kama bei aliyowatajia ina kiungo chenyewe na fizio ndani yake.