Maswali ya Wasomaji: if au match?

SWALI: Wataalamu, habari za kazi? Naandika programu ya Python ya kupokea ujumbe wa mauzo kutoka Mwaloni, Kirumba. Mmoja unakuja "sangara 12 9500", yaani kilo na bei ya kilo. Mwingine "dagaa ndoo 3". Nimefika elif (sharti la ziada baada ya if) ya 14, na nikigusa moja, nyingine inaharibika. Wenzangu wanasema niachane kabisa na if, nitumie match. Niwasikilize?
*Msomaji, Nyegezi, Mwanza*

JIBU: Wasikilize nusu. Ujumbe wako unatofautiana kwa umbo: maneno mangapi, lipi limekaa wapi. Hapo match inakufaa, maana inakagua umbo na kuvitoa vipande kwa mkupuo mmoja:

```
match ujumbe.split():
    case ["dagaa", "ndoo", idadi]:
        dagaa(int(idadi))
    case [("sangara" | "sato") as aina, kilo, bei]:
        samaki(aina, float(kilo), int(bei))
    case _:
        print("Haueleweki:", ujumbe)
```

Usisahau int na float, zinazogeuza maandishi kuwa namba. Baada ya split, inayokata ujumbe kwenye nafasi, kila kipande ni maandishi, hata "12".

Mstari wa `case _`, unaopokea chochote kisicholingana na vya juu, usiuache. Bila huo, mtu akiandika "sangra", Python haitalalamika. Itapita kimya, na jioni hesabu haitatimia.

Mtego unaowanasa wengi ni huu. Umeweka juu `SANGARA = "sangara"`, kisha ukaandika `case [SANGARA, kilo, bei]`. Unadhani inalinganisha? Hailinganishi. Jina tupu ndani ya case ni chombo cha kupokelea, kwa hiyo ujumbe wowote wa maneno matatu utaingia. Mstari huo ukiwa juu ya ule wa dagaa, utazoa na "dagaa ndoo 3": kilo inakuwa "ndoo", na float inagoma kwa ValueError (kosa la thamani isiyogeuzika). Andika neno lenyewe kwenye alama za nukuu, au liweke ndani ya klasi uliite kwa nukta, `Aina.SANGARA`; lenye nukta ndilo linalolinganishwa.

If ibaki kwenye vipimo. Kukagua kama sangara amefika sentimita 50 ni swali la zaidi au pungufu, na `if urefu < 50` inasomeka mara moja. Ukilazimisha match utaishia kuandika `case x if x < 50`, yaani if ileile iliyovalishwa kanzu. Vivyo hivyo masharti yanayochanganya mambo yasiyohusiana, mfano saa ya kufunga mzani na deni la mteja: hakuna umbo la kulinganisha pale.

Kabla ya yote, andika `python --version` kwenye kompyuta itakayoendesha programu, siyo yako tu. match ilianza na Python 3.10, Oktoba 2021, kwenye 3.9 utapata SyntaxError (kosa la sarufi ya msimbo) kabla hata ya ujumbe wa kwanza. Kama mashine ya ofisini ni ya zamani na huruhusiwi kuigusa, baki na elif zako, ila weka `vipande = ujumbe.split()`, kisha anza kila moja kwa kuhesabu maneno: `len(vipande) == 3`.